Kilicho Mgongoni na Kilicho Kifuani: Mhadhara juu ya Hadithi za Kikristo na Kumbukumbu za Wasafiri wa Nyikani

Ndugu zangu, habari za jioni. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kusikiliza habari za vitabu. Nitaanza na mkoba wa mtu.

Septemba 1867, kijana wa miaka 29 aitwaye John Muir alikuwa anatembea kwa miguu kutoka Kentucky kwenda pwani ya Ghuba ya Meksiko. Miezi michache kabla ya hapo, akiwa kazini kiwandani, ncha ya tupa ilimchoma jicho. Alilala wiki kadhaa katika chumba cha giza akiamini kwamba basi, macho yamekwisha. Nuru iliporudi hakutaka tena kazi ya kujifungia ndani. Akashika njia. Alipokuwa akipanda milima ya Cumberland, mpanda farasi mmoja alimfikia akajitolea kumbebea mkoba. Muir akakataa, yule bwana akashikilia, mwishowe akapewa. Mara farasi akaanza kwenda mbio kidogo, na Muir akawa anamkimbilia nyuma. Kwenye kona, yule mtu alipodhani haonekani, akaufungua mkoba akapekua. Alikuta kitana, brashi, taulo, sabuni, nguo za ndani za kubadili, mashairi ya Robert Burns, utenzi wa John Milton juu ya Paradiso iliyopotea, na Agano Jipya dogo. Akamngojea mwenye mali, akamrudishia mkoba wake, akasema kuna kitu amekisahau huko nyuma, akageuza farasi kuteremka mlima.

Mwizi yule hakuona cha kuiba. Mimi ninaposoma orodha ile naona mada yetu ya leo yote imekunjwa ndani ya mkoba mmoja: mtu anaingia porini peke yake, kila gramu anaibeba mwenyewe, na bado ametenga nafasi ya Maandiko na ya hadithi iliyozaliwa na Maandiko. Tena huyu ni Muir, ambaye baba yake alimkaririsha Agano Jipya lote na karibu robo tatu ya la Kale kwa fimbo, kabla hajafikisha miaka 11 au hapo hapo. Angekuwa na haki ya kuchoka na kitabu hicho. Amekibeba.

Ukienda maktaba, vitabu ninavyovizungumzia leo utavikuta rafu mbalimbali. Hadithi za Kikristo ziko upande wa dini. Kumbukumbu za wavumbuzi, watu waliovuka barafu, misitu na mito mikubwa, ziko upande wa jiografia. Msomaji wa hizi mara nyingi hamjui msomaji wa zile. Nimezisoma zote mbili tangu utotoni, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ni ukoo mmoja. Zote zinahusu mzigo. Zote zinatofautisha, kwa namna ya ajabu, kati ya kitu mtu anachokibeba mgongoni na kitu anachokibeba kifuani. Hilo ndilo nimekuja kulisema.

Neno lenyewe la Kiswahili linatusaidia. Biblia yetu inasema “sauti ya mtu aliaye nyikani”. Nyika si lazima iwe mchanga na jua. Ni mahali ambapo njia imekwisha, hakuna wa kumwuliza, na ulichokuja nacho ndicho hicho. Israeli walipita huko, Eliya alilala huko chini ya mti akiomba afe, Bwana wetu alikaa huko siku 40. Kwa hiyo mwandishi wa Kikristo akitaka kusimulia habari za roho, hana haja ya kubuni mandhari. Ameyakuta yamekwisha andaliwa.

Twende kwa John Bunyan. Wengi wanamjua kama mhubiri aliyefungwa. Mimi napenda kumkumbuka kwanza kama fundi wa masufuria, aliyezaliwa 1628 katika kijiji cha Elstow karibu na Bedford, Uingereza, akaifanya kazi ya baba yake, kijiji hadi kijiji na zana zake. Ameandika mwenyewe kwamba alipooa, yeye na mkewe hawakuwa hata na sahani wala kijiko. Mke alikuja na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na baba yake. Ndizo zilizokuwa mali za nyumba. Mwaka 1660 akakamatwa kwa kuhubiri nje ya utaratibu wa Kanisa la Uingereza, akakaa gerezani miaka 12, akitengeneza kamba za viatu na mavazi ili watoto wapate kula, mmoja wao binti kipofu. Kitabu chake maarufu cha safari ya msafiri aendaye mji wa mbinguni kilichapishwa 1678.

Sasa tazameni anavyomvika mtu wake, aitwaye Mkristo, kwenye ukurasa wa kwanza. Matambara mwilini, kitabu mkononi, mzigo mkubwa mgongoni. Basi. Huyu aliyeandika alijua mzigo ni nini kwa mabega yake, hakuusoma mahali. Mkristo anapotumbukia kwenye lile tope la kukata tamaa, ni mzigo unaomzamisha. Mwenzake asiye na mzigo anajikwamua akarudi nyumbani kwa hasira. Na mzigo unapokuja kuanguka, hapo penye msalaba, Mkristo hafanyi lolote. Hafungui fundo, hakati kamba. Unalegea wenyewe mabegani, unaporomoka mteremko mpaka kwenye mdomo wa kaburi, unaingia humo, hauonekani tena.

Wahubiri wengi huishia hapo, na nawaelewa. Lakini kitabu hakijafika hata nusu. Baada ya mgongo kuwa mtupu, Bunyan anaanza kutuonyesha kifua. Mkristo anapewa hati yenye muhuri, anaitia kifuani. Anasinzia kwenye kibanda cha kupumzikia mlimani, hati inadondoka, na inambidi arudi njia ile ile kuitafuta huku jua linazama. Baadaye yeye na mwenzake Tumaini wanakamatwa na jitu moja, wanatupwa kwenye shimo la Ngome ya Mashaka. Wanakaa humo tangu Jumatano asubuhi hadi Jumamosi usiku, bila tonge la mkate, bila tone la maji, wanapigwa, wanashauriwa wajiue. Usiku wa Jumamosi wanaomba mpaka karibu alfajiri. Ndipo Mkristo anapojishika: mimi ni mpumbavu gani, kuoza kwenye shimo hili na huku nina ufunguo kifuani uitwao Ahadi!

Nilikuwa mtoto niliposoma hapo mara ya kwanza, katika nakala iliyokatika jalada, na nilikasirika kweli. Siku zote hizo! Si angekumbuka Jumatano? Nilidhani mwandishi amekosea. Ilinichukua miaka kuona kwamba hapo ndipo kitabu kinaposema kweli kuliko mahali pengine popote. Na ona kitu kimoja kidogo: ufunguo unafungua milango ya ndani vizuri, lakini kufuli la lango la nje, lile la chuma, lilikuwa gumu mno, likafunguka kwa shida. Bunyan hakusema ufunguo wa Ahadi unafungua kila kitu kwa ulaini. Aliyewahi kulala nyuma ya mlango wa gereza hawezi kuandika hivyo.

Miaka 41 baadaye, 1719, Daniel Defoe akatoa kisa cha Robinson Crusoe. Watu husoma kama hadithi ya kisiwa, ya mbuzi na mwavuli wa ngozi. Lakini fuateni Biblia tu ndani ya kisa hicho. Crusoe anaitoa kwenye meli iliyovunjika pamoja na bunduki, baruti na shoka, anaitia kwenye sanduku, anaisahau. Takriban miezi tisa inapita. Anajenga, anachimba, anahesabu siku kwa alama kwenye nguzo. Kisha homa inampiga, anatetemeka peke yake, anakumbuka kwamba tumbaku ni dawa. Anafungua sanduku kutafuta tumbaku, anakuta na Biblia. Anaifungua popote, macho yanaangukia Zaburi ya 50: “Ukaniite siku ya mateso; nitakuokoa, na wewe utanitukuza.” Ni ule ule ufunguo wa Bunyan. Kitu kilikuwamo muda wote. Aliyekosekana ni mtafutaji.

Baada ya hao wawili njia ilikuwa wazi, na wengi wameipita. C. S. Lewis alianza maandiko yake ya nathari juu ya imani, 1933, kwa msafiri mwingine na ramani nyingine. Hannah Hurnard, 1955, alimpandisha binti mwenye miguu mibovu kwenye vilele, akampa wenzi wawili wa kumshika mkono, Huzuni na Mateso. Sitakaa hapo. Nataka kufika kwenye barafu.

Hadithi inaweza kusema mzigo ulianguka. Kumbukumbu za safari zinakwambia ulikuwa na uzito gani. Oktoba 1915, Ernest Shackleton na wanaume 27 walikuwa kwenye Bahari ya Weddell, huko Antaktika, wakiiangalia meli yao, Endurance, ikibanwa na barafu mpaka mbao zikalia. Tarehe 27 waliihama. Safari ya kuvuta mashua juu ya barafu ilikuwa mbele yao, na Shackleton akatoa amri: kila mtu abaki na pauni 2 za vitu vyake binafsi, yaani pungufu kidogo ya kilo moja. Ili wamwelewe, akaanza yeye. Akatupa dhahabu kwenye theluji. Kisha akachukua Biblia ambayo Malkia Alexandra aliipa meli, akachana ukurasa wa mbele wenye mwandiko wa malkia, akachana na ukurasa wa kitabu cha Ayubu, ule ambapo Mungu anamwuliza Ayubu barafu ilitoka tumbo la nani na uso wa vilindi umegandaje. Masimulizi ya wengine yanataja na Zaburi ya 23. Biblia yenyewe akailaza juu ya barafu, akaondoka.

Nikiri kwamba tendo hilo limewahi kunisumbua. Nilikuwa nimelelewa kwamba kitabu hicho hakiwekwi hata sakafuni. Lakini fikirini amechana wapi. Hakuchana pa kufariji tu. Alichukua sura ambayo Mungu hajibu swali hata moja la mtu anayeumia, ila anamwonyesha ukubwa wa barafu. Mtu aliyesimama juu ya barafu inayokula meli yake! Hiyo ni pauni ngapi? Haipimiki. Aliitia kifuani.

Na kuna kitu kimoja alichokataa kisitupwe: banjo ya Leonard Hussey, mtaalamu wao wa hali ya hewa. Ilikuwa na uzito wa pauni 12 hivi. Shackleton alisema hiyo ni dawa ya akili, watu wataihitaji. Kwa hiyo usinielewe kwamba nyika hubakiza vitabu vya dini peke yake. Hubakiza vitu ambavyo mtu wa mjini angevitupa kwanza.

Mnajua yaliyofuata, au mtayasoma wenyewe katika kitabu chake, South, cha 1919. Walifika Kisiwa cha Elephant Aprili 1916. Watu sita wakachukua mashua ndogo, James Caird, wakavuka maili zipatazo 800 za bahari mbaya kuliko zote mpaka South Georgia. Kisha watatu, Shackleton, Frank Worsley na Tom Crean, wakavuka milima ya kisiwa hicho, ambayo hakuna ramani iliyokuwa imeichora, kwa saa 36 karibu bila kulala. Shackleton anaandika kwamba mara kwa mara ilimjia kama vile wako wanne, si watatu. Hakuwaambia wenzake. Baadaye Worsley akamwambia: bosi, nilikuwa nahisi kuna mtu mwingine pamoja nasi. Crean naye akakiri vivyo hivyo.

Msomaji wa Danieli anaruka kwenye kiti. Watatu kwenye tanuru, na wa nne! Nami niliruka. Lakini Shackleton hajasema ni nani, anasema tu kwamba maneno ya binadamu yanapungukiwa, na hapo ndipo ninaposema kumbukumbu ya kweli ina adabu ambayo hadithi haiwezi kuwa nayo. Bunyan angempa jina. Angempa vazi, angempa aya mbili za mazungumzo. Shackleton anaacha nafasi. Mshairi T. S. Eliot aliichukua nafasi hiyo hiyo akaitia kwenye utenzi wake wa 1922, naye hakuijaza. Haki pia inanidai niseme kwamba kitabu cha Shackleton kilitungwa miaka baada ya tukio, kwa kusimuliwa kwa mwandishi aliyemsaidia. Kumbukumbu ni ushahidi, na ushahidi hupimwa. Mimi nimeupima, bado unanisimamisha nywele.

Turudi nyuma kidogo, Agosti 1796, Afrika Magharibi, katika nchi ambayo leo ni Mali. Mungo Park, tabibu kijana kutoka Scotland aliyetumwa kuutafuta mkondo wa mto Niger, ameporwa. Wamemvua kila kitu. Mwishowe wanamrudishia shati, lile baya zaidi kati ya mawili, suruali, na kofia yake. Kofia kwa sababu ndani yake alikuwa ameficha maandishi yake ya safari. Nadhani karatasi ziliwatisha. Ni msimu wa mvua, yuko peke yake, maili 500 kutoka makazi ya karibu ya watu wa kwao. Anaandika waziwazi kwamba aliona hana la kufanya ila kulala pale afe.

Akiwa ameketi hivyo, jicho lake linaangukia kimmea, kile cha kijani kinachoota kwenye unyevu, kuvumwani, hakizidi ncha ya kidole chake. Kinazaa. Akaanza kukiangalia, mizizi yake, vijani vyake, vibegi vyake vya mbegu, kwa sababu alikuwa mtu wa mimea na jicho lake limezoea. Kisha akajiuliza: aliyekipanda hiki, akakimwagilia na kukikamilisha mahali pasipo na mtu, kitu kidogo kisicho na maana machoni petu, anaweza kutazama bila kujali hali na mateso ya viumbe alivyoviumba kwa mfano wake? Akainuka. Njaa iko pale pale, uchovu uko pale pale. Akatembea, akawakuta wachungaji, akafika kijijini.

Huyu hana hata ukurasa mmoja wa Ayubu. Hana mkoba. Wamechukua mgongo wote, na kilichobaki ni namna ya kutazama aliyofundishwa miaka mingi kabla, nyumbani na darasani. Kila nikimsoma Park hapo nasikia maua ya kondeni ya Mahubiri ya Mlimani, ingawa hayataji.

Hapa nataka kusema jambo ambalo vitabu hivi vyenyewe hulisema kwa sauti ya chini mno. Mwezi mmoja kabla ya kuvuliwa, Park alikuwa amekaa chini ya mti karibu na Ségou, siku nzima hajala, hakuna aliyetaka kumpokea. Mwanamke mmoja akirudi kutoka shambani akamwonea huruma, akabeba tandiko na hatamu zake, akampeleka kwake, akamchomea samaki, akamtandikia mkeka. Wanawake wa nyumba ile wakasokota pamba usiku, wakitunga wimbo juu ya mgeni mweupe asiye na mama wa kumletea maziwa wala mke wa kumsagia nafaka. Jina la mama yule halimo kitabuni. Msafara uliendelea, jina la Park likaenda kwenye ramani.

Vivyo hivyo John Franklin huko kaskazini mwa Kanada. Safari yake ya kwanza ya nchi kavu, 1819 hadi 1822, ilikula watu 11 kati ya 20. Walichemsha kuvu za mawe, wakatafuna ngozi za viatu. Kundi dogo lililobaki nyuma, daktari John Richardson, Robert Hood na baharia Hepburn, lilikuwa limetupa karibu kila kitu, lakini walibakiza vitabu viwili vitatu vidogo vya dini ambavyo mama mmoja wa London aliwapa kabla ya kuondoka. Walisomeana wakiwa wamelala, pamoja na ibada ya asubuhi na jioni, na Richardson anasema manufaa yake hayapimiki. Oktoba 20, 1821, Hood akapigwa risasi. Kando ya maiti yake kulikuwa na kitabu kimoja, kiko wazi, cha msaada wa kusoma Maandiko. Habari hiyo tunayo kwa kalamu ya Richardson peke yake, na mtu aliyetuhumiwa, Michel, aliuawa na Richardson huyo huyo siku chache baadaye. Kwa hiyo isomwe kwa uangalifu. Lakini kitabu kilicho wazi sijawahi kukisahau.

Waliosalia waliokolewa na nani? Na watu wa Akaitcho, kiongozi wa Wadene wa Yellowknife, wenyeji wa nchi ile. Novemba walifika na nyama, wakasafisha nyumba ile iliyokuwa inanuka mauti, wakawanawisha. Njiani wakavua viatu vyao wenyewe vya theluji wakawapa wagonjwa, wakatembea bila, wakawapikia na kuwalisha, Franklin anasema, kama watoto. Bunyan ana mtu kama huyo. Mkristo anapozama kwenye tope, anakuja mtu aitwaye Msaada, anamwambia nipe mkono wako, anamvuta. Anaonekana kwenye kurasa mbili, kisha haonekani tena. Nawaomba mnaposoma kumbukumbu yoyote ya nyikani mmtafute Msaada. Yumo kila kitabu. Mara nyingi hana jina.

Sasa kile kitabu ninachokipenda kuliko vyote vya rafu ile. Apsley Cherry-Garrard alikitoa 1922. Ndani yake kuna safari ya majira ya baridi, 1911, watu watatu wanavuta sleji zaidi ya kilomita 100 katika giza la Antaktika kutafuta mayai ya pengwini mkubwa: Edward Wilson, daktari na mchoraji, mtu wa sala, Henry Bowers, na Cherry mwenyewe, asiyeona mbali, ambaye miwani haikumfaa kwenye baridi ile. Nyuzi 60 chini ya sifuri. Nguo ziliganda wima. Meno yake yalipasuka kwa baridi. Walipofika, dhoruba ikabeba hema lao gizani, kisha ikapasua paa la kibanda cha mawe walichokijenga, wakabaki kwenye mifuko yao ya kulalia, theluji inawafunika. Bila hema hawawezi kurudi hai, na wote wanajua. Basi waliimba. Nyimbo za kawaida, na tenzi. Dhoruba ilipopungua Bowers akalikuta hema chini ya mteremko, zima. Cherry anaandika kwamba uhai wao ulikuwa umechukuliwa, wakarudishiwa.

Na anaongeza jambo ambalo ningeliandika ukutani: katika safari ile yote hawakuacha kuambiana tafadhali na asante, na hawakupoteza uvumilivu wao, hata kwa Mungu. Cherry-Garrard hakuwa mtu wa kuhubiri. Hiyo “hata kwa Mungu” ina thamani kwangu kuliko mahubiri mengi.

Miezi minane baadaye Wilson na Bowers walikufa pamoja na Robert Scott wakirudi kutoka Ncha ya Kusini. Mtu wa sala hakuokolewa. Wapo wanaoona hapo ndipo kumbukumbu inapoikanusha hadithi. Nawajibu: rudini kwa Bunyan, someni Soko la Ubatili. Mwaminifu, aliyekuwa mwenzi bora kuliko wote, anachomwa moto hapo. Mkristo ndiye anayetoroka. Hadithi nzuri ya Kikristo haijawahi kuahidi kwamba mwema atatoka nyikani akitembea.

Cherry alikuwamo kwenye kundi lililolikuta hema lao, Novemba 1912. Kwenye sleji yao, watu wale waliokuwa wanakufa kwa njaa na baridi walikuwa bado wana pauni 35 za mawe. Walikuwa wameyakusanya, Wilson akaomba yasiachwe, wakayavuta mpaka mwisho. Baadhi yalikuwa na alama za majani ya mti wa kale, Glossopteris, ushahidi kwamba bara lile la barafu liliwahi kuwa na mimea. Wengi wamesema ni upumbavu, wangeyatupa labda wangepona. Mimi siwezi kuyaweka mawe yale upande wa mgongo. Nimejaribu. Yananirudi upande wa kifua, karibu na kimmea cha Mungo Park.

Nimalizie na ile Biblia iliyolazwa kwenye barafu, maana nimewaacha nayo huko. Haikubaki huko. Baharia mmoja Mskoti, Thomas McLeod, aliona si vyema kuiacha. Watu wakiwa wamegeuka, akaiokota, akaificha kwenye vitu vyake. Ikaenda naye juu ya barafu inayoelea, ikaingia naye kwenye mashua, ikafika Kisiwa cha Elephant. Kurasa zilizochanwa zilikuwa za Shackleton, kitabu kilichobaki kilikuwa cha McLeod, na kwa miezi karibu sita vilikaa hatua chache kimoja na kingine. Kisha Shackleton akashusha James Caird baharini akaondoka. Kitabu kikabaki na watu 22 chini ya mashua mbili zilizopinduliwa, mpaka meli ya Chile, Yelcho, ilipowachukua wote, wazima, Agosti 30, 1916. Leo kiko London, katika Royal Geographical Society.